Vipokea sauti vya bei nafuu vya kuzima kelele: vipira kwanza, desibeli baadaye

Boksi likiandikwa "50 dB" (desibeli, kipimo cha ukali wa sauti), usidhani kelele zote za basi zitashuka kwa kiasi hicho. Hicho ni kilele, yaani punguzo kubwa kuliko yote yaliyopimwa, na hupatikana kwenye sehemu ndogo tu ya sauti nzito. Maikrofoni husikiliza kelele, kisha spika ndogo hutoa wimbi lililogeuzwa ili mawimbi mawili yafutane. Mbinu hiyo huuweza vizuri mngurumo usiobadilika: injini, matairi, feni, treni. Honi, kilio cha mtoto na mazungumzo ya jirani hubadilika haraka, kwa hiyo hupenya. Hizo hupunguzwa na vipira vya silikoni, vile vinavyovalishwa kwenye ncha inayoingia sikioni.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoteza pesa yao. Ndani ya boksi huwa kuna saizi tatu au zaidi, lakini vinavyotumika ni vile vilivyokuja vimevalishwa. Jaribu hivi: ingiza kipokea sauti, kizungushe taratibu hadi kikae, kisha cheza wimbo wenye besi nzito. Besi ikisikika nyembamba, hewa inavuja, na mngurumo wa injini nao unaingia kwa njia hiyohiyo. Panda saizi moja. Sikio likianza kuuma baada ya nusu saa, shuka, au jaribu vipira vya sponji, ambavyo hujaza tundu vizuri zaidi ingawa huchakaa mapema. Sikio la kulia na la kushoto yanaweza kuhitaji saizi tofauti. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mwisho, tafuna kidogo: mkao ukilegea taya linapotembea, saizi hiyo bado siyo.

Kwenye gemu, tatizo ni sauti kuchelewa. Kwa Bluetooth ya kawaida, sauti hufika milisekunde 150 hadi 250 baada ya picha. Kwenye video huoni shida, kwa sababu programu huichelewesha picha ili vilingane. Gemu haiwezi kufanya hivyo, maana picha inafuata kidole chako. Karata na mafumbo havisumbuki. Gemu za kulenga shabaha na za kufuata mdundo huharibika kabisa, hivyo tafuta "hali ya gemu" inayoshusha ucheleweshaji chini ya milisekunde 100. Ukiiwasha, zima LDAC, mfumo wa kutuma muziki kwa Bluetooth, kwani hujali ubora kuliko kasi. Ujue pia kwamba hali ya gemu hupunguza akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, kwa hiyo kwenye kituo chenye watu wengi na simu nyingi sauti huanza kukatika. Ukiwa safarini unasikiliza muziki tu, izime.

Kuna kasoro nyingine ambayo kipokea sauti hulaumiwa bure. Ukiwasha maongezi ndani ya gemu, sauti yote hugeuka kama ya simu ya zamani, kwa sababu Bluetooth ya kawaida hubadili njia maikrofoni inapotumika. Kwenye kompyuta dawa ni rahisi: fungua mipangilio ya sauti, acha vipokea sauti viwe vya kusikilizia tu, na uchague maikrofoni ya kompyuta yenyewe. PlayStation 5 haipokei vipokea sauti vya Bluetooth moja kwa moja. Nintendo Switch imevipokea tangu Septemba 2021, ila bila maikrofoni.

Sasa chaguo zenyewe. Soundcore Space A40 ya 2022 ni ndogo na haitokezi sana sikioni. Bado inafaa kwa mwenye masikio madogo. CMF Buds Pro 2 ina kitufe cha kuzungusha kwenye kikasha cha kuchajia, kizuri kwa kurekebisha sauti bila kutoa simu mfukoni, na kinga ya IP55, yaani ya maji na ya vumbi pia. Haichaji bila waya. EarFun Air Pro 4 ina kinga ya maji ya IPX5, hali ya gemu, LDAC na aptX (mfumo mwingine wa kutuma sauti), na kwa anayetaka safari na gemu kwa pamoja ndiyo ya kuchukua kwanza. Zote tatu zina LDAC, lakini mwenye iPhone asiilipie sifa hiyo, kwani simu yake hutumia mifumo ya AAC na SBC tu.

Kuhusu chaji, saa 10 au 11 zinazotangazwa ni kwa kuzima kelele kukiwa kumezimwa. Ukiwasha, muda hupungua, basi soma namba ya pili kwenye boksi.

Uwezo wa kuzima kelele ukidhoofika baada ya miezi kadhaa, chunguza wavu wa kipokea sauti kabla ya kulaumu betri. Nta ya sikio huuziba, na maikrofoni ya ndani husikia vibaya. Ng'oa kipira, elekeza wavu chini, sugua kwa brashi kavu laini, usitumie sindano. Upande mmoja ukikataa kuchaji, futa vituo vya chuma vya kuchajia ndani ya kikasha kwa pamba yenye spiriti kidogo, uviache vikauke. Na kabla ya kuvuka barabara, washa hali ya kuruhusu sauti za nje au toa kimoja sikioni.