Laptopu ya Mtumba ya Kuwekea Linux: Ipi Ununue, na Distro Gani Uiweke Ndani

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa anayetaka kuweka Linux, hiyo ni silaha ya kujadilia bei. Laptopu ya kizazi cha 6 au cha 7 inayosifiwa Kariakoo au Luthuli Avenue kuwa "safi kama mpya" inamwelemea muuzaji, kwa sababu mteja wa Windows ataikataa. Wewe Linux itakupokea nayo bila shida, lakini usiilipie kama ya kizazi cha 8.

Linux yenyewe hailipiwi. Pesa zinakwenda kwenye mashine, SSD, pengine RAM, flashi ya GB 8, na bando. Hilo la bando husahauliwa sana. Mabishano ya distro (toleo la Linux lililofungashwa tayari kutumika) ipi ni salama zaidi huendeshwa na watu ambao intaneti yao haikatiki. Kwa mtu anayenunua data kwa GB, distro salama ni ile ambayo masasisho yake atayashusha kweli, badala ya kuyaacha yasubiri mwisho wa mwezi. Mpangilio wa humu umefuata kipimo hicho, kwa mashine na kwa distro.

Mashine, kwa mpangilio

Ya kwanza ni Lenovo ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Prosesa yake ya i5 ya kizazi cha 8 ina viini vinne, wakati i5 za kizazi cha 7 za daraja hilo zilikuwa na viwili, na tofauti hiyo unaiona ukifungua kurasa nyingi za kivinjari kwa pamoja. Nafasi za RAM ni mbili, kwa hiyo ukinunua yenye GB 8 unaongeza GB 8 nyingine siku utakayopata pesa. Wifi ni ya Intel na draiva yake imo ndani ya keneli, moyo wa Linux. Lililoipa namba moja ni fimuwea, yaani ile programu inayokaa ndani ya chipu: Lenovo huiweka kwenye LVFS, huduma ya kusambazia fimuwea, nawe unaisasisha ukiwa ndani ya Linux kwa amri mbili, `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr update`. Hakuna haja ya kutafuta Windows ya kuazima ili kuziba tundu la usalama la BIOS (fimuwea inayoiwasha mashine).

Ugonjwa wake unajulikana. Fimuwea ya zamani ya Thunderbolt (kidhibiti cha tundu la USB-C) huandika kwenye chipu yake hadi ijae, halafu matundu ya USB-C yanaanza kugoma. Dukani, chomeka chaja ya USB-C kwenye matundu yote mawili, moja baada ya jingine. Likikataa hata moja, iache. Tena geuza mashine usome kibandiko: T480s ni kitu kingine, sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi na nafasi ya kuongeza ni moja tu.

Ya pili ni Dell Latitude 7490: kizazi kile kile, nafasi mbili za RAM, na Dell nayo iko LVFS. Ni nyepesi kuliko T480 ila haina betri ya nje ya kubadilisha ukiwa safarini.

Ya tatu ni HP EliteBook 840 G5. Kwa ubora wa bodi haina deni, na huenda ukaipata kwa bei ya chini ya T480. BIOS yake ni rahisi zaidi kusasisha kutoka ndani ya BIOS yenyewe: F10 wakati wa kuwaka, ukiwa na kebo ya mtandao au faili kwenye flashi. Angalia skrini. Baadhi zina Sure View, ile ya kuzuia jirani asisome, na hizo huwa na giza hata ukiizima kwa F2. Watu wamezinunua wakidhani taa ya skrini imechoka.

Kwa mfuko mwembamba, chukua ThinkPad T470 au EliteBook 840 G3. Viini viwili, RAM ya kuongeza, zinatosha kwa hati, kivinjari na masomo. Ukiweka GB 8 na SSD, hutajuta.

Usinunue kwa ajili ya Linux: MacBook za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya T2, ambazo hata kibodi na padi ya kugusa vinahitaji keneli iliyofanyiwa viraka, Chromebook, labda kama kubadilisha fimuwea ni starehe yako, na zile ndogo za Celeron zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32, vyote vimechomelewa. Hizo za mwisho ni bei chee mpaka siku ya sasisho la kwanza kubwa, diski inapojaa katikati ya kazi.

Dakika kumi dukani

Nenda na flashi yenye Linux Mint. Washa kwa F12 kwenye Lenovo na Dell, F9 kwenye HP, uingie bila kuweka chochote kwenye diski. Muuzaji anayekukatalia hilo ameshakujibu.

Kabla ya hapo ingia BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri, rudisha mashine mezani. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi linakaa kwenye chipu ya pekee. Kutoa betri ndogo ya bodi hakulifuti, na fundi anayeahidi kulifuta kwa dakika tano anakuuzia maneno. Humo humo tazama palipoandikwa Computrace au Absolute, huduma ya kufuatilia laptopu zilizopotea. Ikiwa imeandikwa Activated, huenda mashine iliwahi kuwa ya kampuni na pengine bado inahesabiwa kuwa yake. Linux haitamwendesha mlinzi huyo, ila swali la mashine ilitoka wapi linabaki pale pale.

Ukishaingia Mint, fungua terminali uandike:

`upower -i /org/freedesktop/UPower/devices/battery_BAT0`

Soma mistari miwili. Kama `energy-full` ni 14 Wh na `energy-full-design` ni 24 Wh, betri imebaki na asilimia 58: itakufa mikononi mwako mwaka huu, toa bei yake kwenye mazungumzo. T480 ina betri mbili, kwa hiyo rudia kwa `BAT1`. Kisha `lspci -nnk`, utafute kadi ya wifi. Chini yake lazima paonekane `Kernel driver in use`. Pasipo mstari huo, wifi haina draiva. Unganisha simu yako kama hotspot uone inashika. Kihisi cha alama ya kidole usikihesabu katika bei. Kwenye T480 hakifanyi kazi bila kuhangaika.

Distro, kwa mpangilio

Kabla ya kupanga, tuweke mezani kesi ambayo kila upande hupenda kuitaja. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kuwa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yana mlango wa nyuma. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) kulichelewa kama nusu sekunde. Aliyeupenyeza alijiita Jia Tan na alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2022, akaunti kadhaa zilimsonga Lasse Collin, aliyeutunza mradi kwa kujitolea, zikimlaumu kwa kuchelewa na kumtaka aachie wengine nafasi. Madai ya fujo dhidi ya mtu anayefanya kazi bure ndiyo yaliyotumika kama nyundo ya kuvunjia mlango.

Wapenzi wa Debian husema: toleo letu thabiti lilikuwa na xz ya zamani, halikuguswa. Kweli. Lakini Debian ya majaribio iliupata, pamoja na Fedora ya majaribio, Kali na openSUSE Tumbleweed. Wapenzi wa Arch husema: tulipokea toleo bovu, ila sshd yetu (programu inayopokea SSH) haikuunganishwa na liblzma, maktaba ya xz. Kweli pia, Debian na Fedora ndio waliopachika kwenye sshd nyongeza ya systemd (msimamizi wa huduma za mfumo) iliyoivuta maktaba hiyo ndani. Na wale wa "macho mengi huona kila kosa" wakumbuke kuwa kipande cha kuuamsha mlango huo kilikuwa ndani ya kifurushi cha kushusha, wala hakikuwa kwenye hazina ya git (ghala la msimbo wa wazi) ambako macho hayo yalikuwa yakitazama. Kwa mnunuzi mwenye mashine moja ya kazi, neno ni fupi: usiwe wa kwanza kupokea toleo la wiki hii.

1. Linux Mint. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi 2029. Mashine ya GB 8 ichukue Cinnamon, ya GB 4 ichukue Xfce. Faili la ISO, lile la kuwekea mfumo, ni karibu GB 3. Haiji na snap, vifurushi vya programu vya Ubuntu vinavyojisasisha vyenyewe, jambo linaloliokoa bando. Lawama mbili za zamani zina ukweli. Kabla ya 2018 kisasishaji chake kilipanga masasisho kwa ngazi na kuwafanya wageni waache mengine, hata ya keneli; utaratibu huo umeondolewa. Na Februari 2016 tovuti yake ilidukuliwa, watu wakashushiwa ISO ya 17.3 Cinnamon yenye mlango wa nyuma. Ndiyo maana hesabu ya SHA256 (namba ya kuhakiki faili) peke yake haitoshi: aliyeiteka tovuti anaweza kubadilisha na namba iliyoandikwa hapo. Hakiki saini:

`gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt`

kisha `sha256sum -b` kwa faili lenyewe, ulinganishe.

Upungufu wake leo: masasisho ya moja kwa moja hayajawashwa, wala ukuta wa moto. Vyote viwili viko kwenye menyu, dakika mbili.

2. Debian 13. Ilitoka Agosti 2025. Ukishaiweka, masasisho yake ni machache na mepesi, na kisakinishi cha netinst kiko chini ya GB 1, ingawa mengine yatashushwa wakati wa kuweka. Tangu toleo la 12 fimuwea za wifi zimo ndani ya kisakinishi rasmi, kwa hiyo lile lalamiko la "Debian haioni wifi" limepitwa na wakati kwa mashine tulizozitaja. Mtego uko kwenye nenosiri la root (msimamizi mkuu): ukilijaza, akaunti yako haitapewa sudo, ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi, na utakwama kwenye amri ya kwanza. Acha wazi. Wanaoisifu kuwa haikosei wasisahau 2008, ilipogundulika kuwa kiraka cha mtunzaji mmoja wa Debian kilikuwa kimeifanya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, itoe funguo za kukisiwa kwa karibu miaka miwili.

3. Ubuntu LTS (toleo la huduma ya muda mrefu). Kwa usalama usiohitaji mkono wako, hii ingekuwa ya kwanza: huweka masasisho ya usalama yenyewe kila siku. Akaunti binafsi ya Ubuntu Pro ni bure hadi mashine 5, na inafunika hata programu za ghala la universe ambazo kwa kawaida hutegemea wajitoleaji. Imeshuka kwa sababu ya data. ISO ni karibu GB 6, na snap hujisasisha wakati wowote, pamoja na wakati umewasha hotspot ya simu. Izuie kwa `sudo snap refresh --hold`, kisha uiendeshe mwenyewe palipo na wifi ya bure. Duka la snap limewahi pia kuingiziwa pochi bandia za sarafu za kidijitali; usishushe pochi kutoka duka lolote la programu.

4. Fedora Workstation. SELinux (ulinzi unaozuia programu kuvuka mipaka yake) ikiwa imewashwa tangu mwanzo, kiufundi ndiyo iliyofungwa vizuri zaidi humu. Ila kila toleo lina uhai wa miezi 13 hivi, na masasisho ni mazito. Mwenye intaneti ya ofisini aipandishe hadi ya pili. Mwenye bando atachoka mwezi wa tatu.

5. Arch. Wiki yake ya mtandaoni ni msaada hata kwa anayetumia Mint, na ukali unaosemwa wa jamii yake hupungua sana ukiuliza ukiwa umebandika kosa lote lilivyotokea na hatua ulizojaribu. Hatari iko AUR, ghala la vifurushi vya watumiaji, ambako mtu yeyote hupandisha kifurushi. Julai 2025 vifurushi vilivyojifanya viraka vya vivinjari vilibeba programu ya kuidhibiti mashine kwa mbali, vikakaa siku mbili kabla ya kuondolewa. Usipokuwa tayari kusoma PKGBUILD (maelekezo ya kujenga kifurushi) kila mara, AUR si yako.

Kali haimo kwenye mpangilio. Ni sanduku la zana za mpimaji wa usalama, na vijana wengi huiweka kama mfumo wa kila siku kwa sababu ya ile nembo ya joka.

Wakati wa kuweka

Chagua kusimba diski yote. Kwenye Mint na Ubuntu 24.04 chaguo hilo limefichwa chini ya vipengele vya ziada, na baada ya kuanza huwezi kurudi nyuma bila kuweka upya. Laptopu huibwa kwenye daladala na matatu, haidukuliwi tu. Nenosiri hilo halina pa kuombea jipya: liandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani, mbali na begi la laptopu. Washa Timeshift ihifadhi hali ya mfumo kila wiki, lakini kwa kawaida haigusi nyaraka zako. Hizo zinakiliwe kwenye diski ya nje. Na amri yoyote ya `curl` inayomalizikia kwenye `sudo bash`, hata ikitoka kwa mtu anayekusaidia kwa moyo mweupe, ifungue kwanza kwenye kivinjari uisome.