Divelopa ya karatasi kwenye joto la Dar: Ilford Multigrade na Dektol, ipi inakaa?

Sisi wachache tunaosafisha picha za nyeusi na nyeupe nyumbani hatubishani sana kuhusu divelopa gani, yaani dawa ya kutokeza picha kwenye karatasi, inatoa picha nzuri. Karibu zote zinatoa. Ubishi unaanza ukiuliza: ikishafunguliwa, inakaa muda gani? Mimi nimetumia zaidi mbili, Ilford Multigrade ya maji na Dektol ya Kodak ya unga, na zote nimezitumia hapahapa Dar es Salaam, kwenye chumba ambacho Januari hata usiku wa manane bado ni cha moto. Kwa hiyo ninachoandika kinamfaa zaidi mtu anayeishi pwani kuliko mtu wa Njombe.

Nianze na namba za Kodak wenyewe kuhusu Dektol ikishakorogwa: miezi 6 kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, miezi 2 kwenye chupa iliyofika nusu, saa 24 ikiwa kwenye trei. Dawa ni moja, aliyeikoroga ni mmoja, kilichobadilika ni hewa tu. Ndani ya divelopa nyingi za karatasi kuna haidrokwinoni, kemikali inayotokeza picha, na hiyo ikikutana na oksijeni inaungua taratibu mpaka inaisha nguvu. Watengenezaji huweka salfaiti ya sodiamu ya kuilinda, lakini salfaiti nayo inatumika na kuisha. Halafu dawa yenyewe lazima iwe na alkali ndipo ifanye kazi, na alkali ndiyo inayoharakisha kuungua huko. Ongeza joto letu, maana kwa kawaida nyuzi 10 zikipanda kasi ya kemikali inakaribia kuwa mara mbili, uone kama ile miezi 6 bado ni miezi 6.

Mimi huku nahesabu nusu yake, na sijajuta.

Sasa Multigrade. Inakuja kama maji mazito, unachanganya sehemu 1 ya dawa na 9 za maji, karatasi ya plastiki (karatasi ya picha iliyopakwa plastiki) inatoka kwa dakika 1 kwenye nyuzi 20. Hakuna kukoroga unga wala kuchuja. Nikitaka kuchapa picha chache baada ya kazi, ndani ya muda mfupi trei zimepangwa na taa nyekundu inawaka. Kwa urahisi, naipa alama zote. Tatizo ni chupa. Ukichota kidogo leo na kidogo wiki ijayo, kila unachotoa nafasi yake inachukuliwa na hewa, na ile plastiki nyeupe laini ambayo dawa nyingi huuzwa nayo hupitisha oksijeni kidogokidogo hata kifuniko kikiwa kimekazwa.

Suluhisho langu ni chupa za kioo za dawa ya kikohozi, zile za kahawia za mililita 100. Siku nikifungua lita ya Multigrade naigawa yote palepale kwenye chupa kumi, kila moja mpaka shingoni. Kwa uwiano wa 1 kwa 9, chupa moja inatoa lita kamili ya kutumia, hivyo hakuna kupima tena wala kubakiza. Ikitokea chupa haikujaa, natumbukiza gololi za watoto mpaka maji yapande na kufika mdomoni. Gololi za kioo haziathiriki na hii dawa. Ila ubandue ile lebo ya kikohozi na uandike SUMU kwa maandishi makubwa pande zote mbili, na chupa zikae juu kwenye kabati lenye kufuli. Nyumba zetu zina watoto na mashemeji wanaojitibu wenyewe.

Kwa mgawo huo, chupa ya mwisho ya Multigrade hufika mwisho wa msimu wa joto ikiwa na rangi ya manjano hafifu na weusi uleule. Ile niliyowahi kuiachia kwa makusudi kwenye chupa yake, ikiwa imebaki robo, ilikuwa rangi ya chai ya rangi muda mrefu kabla ya hapo.

Friji? Watu wengi wananishauri. Sipendi kemikali karibu na chakula, na isitoshe baadhi ya dawa zilizokolea zikipata ubaridi mkali zinaganda chembechembe chini ya chupa, na hapo ukimimina hujui umepata nini. Kabati lilelile la kufuli, upande usiopigwa jua, linatosha.

Dektol ina tabia nyingine. Ikiwa bado ni unga kwenye pakiti iliyofungwa ndiyo bingwa wa kukaa, na kwa mtu anayeagiza kutoka nje unga ni mwepesi na hauvuji kwenye mzigo. Kasheshe inaanza ukiikata pakiti. Ile kubwa inatengeneza galoni moja, lita 3.8, na lazima uikoroge yote kwa mkupuo. Usijidanganye kupima nusu ya unga, kwa sababu kemikali ndani ya pakiti hazijasambaa sawasawa na nusu yako inaweza kuwa na alkali nyingi na kemikali kidogo ya kutokeza picha. Ukoroge nje au dirishani, na barakoa na glavu, maana metoli, kemikali nyingine ya kutokeza picha iliyomo humo, inawachachamalia watu wengine ngozi. Baada ya hapo una karibu lita nne zinazohesabu siku. Unachanganya 1 kwa 2, kwa hiyo zinatosha kazi nyingi. Kama unachapa wikendi moja moja, zitakufia.

Wapo wanaojikorogea wenyewe kwa fomula ya D-72, ambayo Dektol ni ndugu yake wa karibu: kwa lita, metoli gramu 3, salfaiti gramu 45, haidrokwinoni gramu 12, kaboneti ya sodiamu ya unga, aina ya monohydrate, gramu 80, bromaidi ya potasiamu gramu 2. Uzuri wake unakoroga lita moja tu unayoihitaji. Nimesikia watu wakisema kaboneti waichukue kwenye magadi ya sokoni. Magadi ya kupikia maharage ni kaboneti iliyochanganyika na baikaboneti, pamoja na uchafu wake, kwa hiyo alkali yake ni pungufu na dawa itakuwa goigoi. Nunua iliyosafishwa.

Kuhusu kujua kama dawa imekufa, rangi si hakimu mzuri. Kuna divelopa zenye glaisini, kemikali nyingine ya kutokeza picha, zinazokuwa kahawia na bado zinafanya kazi safi, na zipo za vitamini C zinazokufa huku zikionekana kama maji ya bomba. Mimi nachukua kipande cha karatasi, nakiwashia taa ya kawaida ya chumbani, nakikata viwili. Kimoja kinaingia kwenye dawa ya zamani, kingine kwenye mpya, muda sawa, kisha fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu), naosha, nakausha. Asubuhi naviweka bega kwa bega kwenye mwanga wa jua. Usivilinganishe chini ya taa nyekundu, hapo kila kitu kinaonekana cheusi. Dawa iliyochoka inaacha kijivu kizito pale ambapo mpya imeweka weusi hasa. Dalili nyingine inaonekana kwenye trei: kwa karatasi ya plastiki, picha ikichelewa kuanza kutokea kwa muda karibu maradufu ya kawaida, namwaga dawa.

Na trei isiachwe wazi wakati wa mapumziko. Tandaza nailoni juu ya maji yenyewe, iguse kabisa. Joto la dawa nalipunguza kwa kuweka trei ndani ya beseni lenye mifuko ya barafu, kwani maji ya simtanki mchana yanafika nyuzi 30 bila shida.

Kwa hiyo Multigrade ndiyo ninayoendelea kununua, ila kuanzia sasa naagiza chupa ya nusu lita badala ya lita, ingawa kwa mililita ni ghali zaidi. Pakiti moja ya Dektol inakaa kabatini bila kuguswa, inasubiri kazi ya maonyesho au ya ukoo mzima, ambapo galoni itaisha kabla hewa haijaifikia. Anayechapa kila siku anunue unga tu, mambo ya gololi hayamhusu.