Vanishi ya Mafuta kwenye Kabati la Msaji

Kabati nililolinunua kwa familia iliyokuwa ikihama Kikwajuni, hapa Unguja, lilikuwa limepakwa rangi ya buluu juu ya nyengine ya kijani, hata haikujulikana kwamba mti wake ni msaji, yaani mtiki. Nililitengeneza mwenyewe uani, na vanishi niliyoitumia ni ile ya mafuta, kopo la lita moja, inayopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ya Darajani na Mwanakwerekwe.

Rangi ya zamani niliikwangua kwa msasa wa maji, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake kavu ni hatari, hasa kwa watoto.

Jaribio la kwanza liliharibika. Ilikuwa Aprili, katikati ya masika, na ijapokuwa kopo liliahidi kwamba vanishi ingekauka kwa saa 24, siku ya nne bado ilinasa vidole na ndani yake palikuwa na ukungu mweupe. Siilaumu vanishi peke yake. Msaji una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi kushika na kukauka, na hewa yetu ya masika imejaa unyevu. Fundi seremala jirani yangu alinieleza kwamba ubao wa msaji hupanguswa kwa kitambaa chenye tina, yaani kiyeyusho cha rangi, muda mfupi kabla ya kupakwa, jambo ambalo kopo halikulitaja hata kwa neno moja, na hili naliona kuwa ni upungufu mkubwa kwa bidhaa inayouzwa mahali penye samani nyingi za msaji. Nikaiondoa yote, nikasubiri kipupwe.

Mara hii nilifuata ushauri wake, nikapaka mikono mitatu, yaani tabaka tatu, na kati ya mkono na mkono nikapitisha msasa namba 320 kwa wepesi. Vanishi ilikauka usiku mmoja. Hukorogwa polepole kwa kijiti na haitikiswi, kwani kopo likitikiswa hutoa mapovu yanayoganda juu ya ubao. Matambara yaliyolowa vanishi niliyatandaza nje yakauke, maana yakirundikwa huweza kupata joto yenyewe hata kushika moto.

Sasa ni miezi saba, na nimeridhika kabisa. Vikombe vya chai ya moto havijaacha alama, na rangi yake ya asali inaupendeza msaji kuliko nilivyotarajia, ingawa mti mweupe ungeonekana wa manjano. Harufu yake ni kali. Tulilala chumba chengine siku tatu.

Siipendekezi kwa kasha la zamani lenye nakshi na misumari ya shaba. Tabaka lake ni nene, hujaa ndani ya nakshi, na kuliondoa bila ya kuuchubua mti ni kazi ngumu mno. Kasha la bibi yangu nimelipaka nta ya nyuki tu.

Kabla ya kulipa, omba kopo lifunguliwe. Duka moja liliniuzia kopo lililokwisha kufanya utando juu, na likakataa kunibadilishia, nikalazimika kuutoa utando na kuichuja vanishi kwa kipande cha kanga. Lita moja ilitosha kabati la milango miwili na kubakia kidogo. Kwa kiti kimoja, nusu lita inatosha.