Goti bandia la kupangwa kwa kompyuta, uzoefu wangu

Gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) ya goti la kulia ilikua imeisha kabisa, mfupa unasaga mfupa, sindano na dawa za maumivu zilishagoma. Daktari wa mifupa akanishauri nibadilishe goti zima, kwa ule upasuaji unaopangwa kwanza kwenye kompyuta alafu daktari anasaidiwa na roboti.

Maandalizi ndo yalinikosha. Nilipigwa CT scan ya nyonga, goti mpaka kifundo cha mguu, alafu ikatengenezwa picha ya 3D ya mifupa yangu mwenyewe, daktari akanionyesha kwenye skrini mguu ulivyopinda, atakata wapi, mfupa kiasi gani unatoka (milimita chache tu jamani, mie nilidhani wanang'oa goti lote) na saizi ipi ya goti bandia itakaa vizuri bila kuzidi pembeni. Hofu ilipungua sana.

Na sio kweli kwamba roboti inakufanyia operesheni yenyewe. Kwangu ilitumika roboti inaitwa Mako, ule mkono wake anaushika daktari, kazi yake kuzuia msumeno usitoke nje ya mpaka uliopangwa. Wanafunga pini kwenye mfupa wa paja na wa muundi ili kompyuta ijue mguu uko wapi, kwaiyo ukikuta vikovu vya ziada usishtuke. Daktari akishafungua goti anaukunja mguu na kuunyoosha kupima kano zimekaza vipi, na plani anaweza kuibadilisha hapohapo.

Ila maumivu yako palepale. Ganzi ilipoisha usiku nililia. Uvimbe ulichukua miezi, ngozi ya upande wa nje mpaka leo imekufa ganzi, kupiga magoti ni shida. Kunyoosha mguu kulinitesa kuliko kukunja, na mazoezi ya wiki za mwanzo usiyaruke hata kama unasikia kufa maana goti likishakaza kulirudisha ni kazi nyingine.

Leo mguu umenyooka, ngazi napanda, usiku nalala. Lakini kama hospitali yako haina hiyo mashine usikae unaumia ukiisubiri. Kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la kitabibu The Lancet 2019, magoti bandia kama 82 kati ya 100 yanadumu miaka 25, na hayo ni ya zamani, karibu yote yaliwekwa kwa njia ya kawaida. Kompyuta inasaidia kukata kwa usahihi zaidi, ila kwenye kutembea na maumivu baadae tofauti haijaonekana kubwa kivile. Mimi ningeanza kumuuliza daktari anabadilisha magoti mangapi kwa mwaka, mashine baadae.