Tiketi ya boti ya Zanzibar: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wengi wanaovuka kwenda Unguja kutoka Dar es Salaam huanza kwa kuuliza daraja: kawaida, VIP au Royal? Hilo liwe swali la mwisho. Anza na saa ya kuondoka, kisha utazame mwezi wa safari. Boti ileile na kiti kilekile havikupi safari moja ukiondoka saa 1 asubuhi mwezi wa Novemba na ukiondoka alasiri mwezi wa Julai. Tumezipanga tiketi hapa kwa kufuata bahari kwanza, starehe baadaye.

Boti za mwendo kasi za njia hii ni za Azam Marine, yaani zile Kilimanjaro zenye namba, na za Zan Fast Ferries. Zinavuka kwa muda wa saa 2 hivi. Za Azam huondoka kila upande karibu saa 1 asubuhi, saa 3:30, saa 6:30 mchana na alasiri kuelekea saa 10. Ratiba hubadilika wakati wa sikukuu na bahari ikichafuka, kwa hiyo ihakikishe siku moja kabla. Na ukumbuke kwamba tiketi huandikwa kwa saa za kizungu: 07:00 ni saa 1 asubuhi, 12:30 ni saa 6:30 mchana.

Nafasi ya kwanza: daraja la kawaida, boti ya saa 1 asubuhi

Hii ndiyo tiketi ya mtu mzima mwenye afya, wa bara au mgeni. Asubuhi upepo wa baharini haujapata nguvu. Kuanzia adhuhuri huongezeka na mawimbi huinuka pamoja nao. Aliyeondoka saa 1 hufika Malindi, bandari ya Unguja, kabla jua halijawa kali, na siku yake bado nzima.

Tofauti hiyo huonekana zaidi wakati wa kusi, upepo unaovuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na kufikia ukali wake Juni, Julai na Agosti. Unguja iko kaskazini ya Dar. Kwa hiyo kusi humsukuma kwa nyuma anayekwenda, na humkabili usoni anayerudi. Watu huvuka vizuri, wakadhani wameizoea bahari, kisha wakakata tiketi ya alasiri ya kurudi na kutapika njia nzima. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hali hugeuka: wa kwenda ndiye anayepambana na upepo. Kipindi cha tangambili, pepo hizi mbili zinapopokezana, ndicho chenye bahari tulivu zaidi. Kama tiketi moja tu kati ya mbili inaweza kuwa ya asubuhi, iwe ile ya kwenda kinyume na upepo.

Daraja la kawaida kwa kawaida halina namba ya kiti, anayetangulia ndiye anayechagua. Ingia mapema ukae ghorofa ya chini, katikati ya boti au nyuma kidogo. Omo, yaani mbele, ndiko kunakopanda na kushuka zaidi, na ghorofa ya juu huyumba kuliko ya chini. Sehemu ya wazi huko juu ina hewa safi na upeo wa macho unauona, jambo linalowasaidia wengi wanaosumbuliwa na kichefuchefu, ila utachomwa na jua na kurushiwa maji ya chumvi. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda, kwa muda atakaokuelekeza mfamasia; ukiimeza baada ya tumbo kuvurugika imechelewa. Kula kitu chepesi na kikavu. Tumbo tupu linasumbua sawa na tumbo lililojaa chapati za mafuta. Ukihisi vibaya, waite wahudumu upesi wakupe mfuko, usisubiri.

Nafasi ya pili: VIP, lakini kwa sababu maalumu

Nunua VIP ukiwa na mzee, mjamzito, watoto wadogo, au ukisafiri siku za msongamano. Unacholipia ni nafasi ya kiti, kiyoyozi na kupanda bila kusukumana. Hulipii utulivu wa bahari. Vyumba hivi kwa kawaida viko ghorofa ya juu, na mtu anayeugua baharini anaweza kuteseka humo kuliko aliyeko chini kwenye daraja la kawaida. Hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha: wananunua VIP kama dawa ya kichefuchefu.

Nafasi ya tatu: kampuni nyingine, saa ileile

Boti ya kampuni uliyoizoea ikijaa, usikubali kusogezwa hadi alasiri kwa sababu ya jina tu. Tazama ya mwenzake inayoondoka asubuhi. Linganisha mambo matatu: saa ya kuondoka, masharti ya kubadili tarehe, na uzito wa mizigo unaoruhusiwa.

Nafasi ya nne: meli za Azam Sealink

Hizi ni meli kubwa zinazobeba magari, na hutumika pia kwa safari za Pemba na Tanga. Ni nzito na za mwendo wa polepole. Kwa mapumziko ya siku mbili Unguja hazikufai, zitakula muda wako. Lakini kwa mwenye gari, pikipiki au shehena, hizi ndizo tiketi, kwa kuwa boti za mwendo kasi hazipakii gari. Gari lenye usajili wa bara lina taratibu zake za forodha upande wa Zanzibar. Zikamilishe kabla ya siku ya safari. Kwa Pemba, uliza kama safari ni ya usiku, na kama ni ya usiku beba shuka na koti, maana kiyoyozi hakina huruma.

Nafasi ya tano: Royal

Ni viti vizuri sana kwa saa 2. Kama fedha si tatizo, sawa. Kama unahesabu, tofauti hiyo ya bei itakufaa zaidi ukiwa umeshafika kisiwani.

Usinunue kabisa

Usipande jahazi wala boti ndogo kutoka bandari bubu, hata ukiambiwa ni nusu ya bei. Mwaka 2011 MV Spice Islander I ilizama usiku ikielekea Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mwaka 2012 MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Mamia ya watu walikufa. Na hivyo vilikuwa vyombo vyenye usajili. Chombo kisicho na orodha ya abiria hakuna atakayejua kwamba ulikuwemo. Hata kwenye boti halali, tazama jaketi za kuokolea maisha ziko wapi na mlango wa dharura uko upande gani kabla hujafungua simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi makubwa, ahirisha.

Tiketi nyingine ya kuiacha ni ya mpiga debe anayekupokea barabarani. Hata kama ni halisi, unaweza kukuta ina jina la mtu mwingine au ni ya saa nyingine. Nunua kwenye mtandao wa kampuni yenyewe au dirishani, na ulipe kwa simu au kadi ili ubaki na kumbukumbu.

Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho. Raia na mkazi hulipa chini ya nusu ya nauli ya mgeni, na ukaguzi upo: Mtanzania abebe kitambulisho chake, mkazi wa kigeni abebe kibali, mgeni abebe pasipoti. Ukiwa umenunua ya mkazi bila kuwa na uthibitisho, utalipishwa tofauti langoni wakati boti inakaribia kuondoka. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nchi za nje wanatakiwa pia kuwa na bima ya Shirika la Bima Zanzibar, dola 44, inayokatwa kwenye mtandao kabla ya safari.

Jambo moja huwakosesha watu boti kila wiki. Ukimwambia dereva wa bodaboda au teksi "nipeleke Feri", atakupeleka Magogoni kwenye kivuko cha Kigamboni. Boti za Zanzibar ziko Posta, Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Fika saa moja kabla. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, na begi kubwa hukabidhiwa wachukuzi. Patana nao malipo kabla hawajaliinua, na ubaki na dawa, simu na pasipoti mkononi.

Idd ndiyo yenye mtihani mkubwa. Kwa kuwa sikukuu hufuata mwandamo wa mwezi, watu hubadili tarehe dakika za mwisho na viti vya asubuhi huisha. Kata tiketi ya kwenda na kurudi mapema, uliza gharama ya kubadili tarehe, na usichague siku ya mwisho ya likizo. Mwisho wa mwaka na wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi Februari fanya vivyo hivyo.

Ukirudi Dar na televisheni au kifaa kipya cha umeme, shika risiti. Maofisa wa forodha hukagua hapo bandarini. Mwenye ndege ya kimataifa jioni asitegemee boti ya alasiri: ikichelewa kidogo tu, foleni ya kutoka Posta hadi uwanja wa Julius Nyerere itamalizia kazi. Achukue ya saa 1 au ya saa 3:30 asubuhi, au alale Dar usiku wa kuamkia safari.