Vijiti viwili vya Ezekieli: seti nzuri, lakini chomoa sumaku

Seti hii ya kufundishia Ezekieli 37:15-28, pale nabii anapounganisha vijiti viwili kuonyesha kwamba Yuda na Israeli watakuwa taifa moja tena, inauzwa Kampala kwa walimu wa shule ya Jumapili na vikundi vya Biblia vinavyosoma kwa Kiswahili. Ndani ya mfuko wa kitambaa mna kadi ya maelezo na vijiti viwili vya mti wa musizi, kila kimoja sentimita 40, mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Kimoja kimechomwa neno YUDA, kingine YUSUFU. Ukivikutanisha bapa kwa bapa vinanasana, tap! Mna sumaku ndani.

Useremala wenyewe ni safi. Musizi ni mti mwepesi, kwa hiyo hata mtoto wa miaka 7 anavibeba vyote viwili kwa mkono mmoja, na msasa umepita vizuri hadi ncha.

Ila sumaku imepotosha somo. Katika unabii, vijiti havitafutani. Mstari wa 17 Ezekieli anaambiwa aviunganishe viwe kimoja mkononi mwake, na mstari wa 19 Mungu anasema vitakuwa kimoja mkononi mwangu. Mkono ndio unaobeba ujumbe wote. Mtoto anayeona vijiti vikirukiana ataondoka akiamini kwamba Yuda (ufalme wa kusini) na Efraimu (ufalme wa kaskazini) walirudiana wenyewe, na sivyo ilivyokuwa hata kidogo. Nabii Ahiya Mshiloni alirarua vazi jipya vipande 12, kwa makabila 12, akampa Yeroboamu, mfalme mtarajiwa wa kaskazini, 10. Sulemani alipokufa, ufalme ukapasuka kweli. Samaria, mji mkuu wa kaskazini, ikaanguka mwaka 722 KK. Ezekieli anasema haya akiwa mateka Babeli, zaidi ya miaka 120 baadaye, wakati watu wa kaskazini wametawanywa na Yuda nao wako uhamishoni. Nguvu ya kuvutana ingetoka wapi? Isitoshe, ukigeuza kijiti kimoja juu chini, sumaku zinasukumana, na hapo darasa limekuponyoka.

Zichomoe kwa patasi ndogo. Jaza matundu kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mbao, uache siku nzima, kisha msasa namba 120 na umalizie na 240. Baada ya hapo vijiti vitashikamana kwa sababu moja tu: kuna mtu amevishika. Akilegeza ngumi, vinaachana, na darasa zima linaona.

Kasoro ya pili ni yale maandishi ya kuchomwa. Agizo la kwanza katika mstari wa 16 ni kuandika, na seti imekuandikia tayari, tena nusu nusu. Kijiti cha kwanza ni cha Yuda na wana wa Israeli wenzake. Cha pili ni cha Yusufu, yaani kijiti cha Efraimu, na nyumba yote ya Israeli wenzake. Hilo “wenzake” si pambo: ni jamaa nzima zinazounganishwa. Randa maneno hayo yatoke, upake vanishi nyembamba mara moja tu, ikauke kabisa, halafu wanafunzi waandike wenyewe. Usiruke vanishi, maana wino kwenye mbao tupu hufuata nyuzi na herufi zinavimba hazisomeki.

Mkishaunganisha, msifute majina. Mstari wa 20 unataka vijiti vilivyoandikwa vibaki mkononi mbele ya macho yao. Kiebrania cha mstari wa 17 kina neno ahadim, yaani “moja” katika wingi, na Kiswahili chetu kinalibeba bila shida: vitakuwa vimoja.

Kadi inastahili sifa kwa kuoanisha somo na Mwanzo 44:18, Yuda anapomkaribia Yusufu. Masinagogi nayo husoma sehemu hizi mbili pamoja. Kwa darasa la Mbale, jirani na Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, hapo pana mazungumzo mazuri. Lakini kadi inakomea mstari wa 22, ikiwaacha nje mchungaji mmoja, agano la amani na patakatifu.

Pia inadai vijiti hivi vinafaa Zekaria 11. Havifai. Kule neno la Kiebrania ni lingine, makel, fimbo ya kuchungia, na zile mbili, Neema na Vifungo, zinavunjwa. Ya pili ili kuuvunja udugu wa Yuda na Israeli. Tengeneza nyingine za paini, unene sentimita 1, urefu 60, ukate kwa msumeno theluthi ya unene pale katikati. Mkato uelekee mbali nawe, usukume kwa vidole gumba. Ukiugeuza ukutazame, unabana, na fimbo inapinda tu bila kuvunjika sawasawa. Watoto wakae mbali, vibanzi huruka.

Kama hujanunua bado, fundi yeyote wa mbao wa Ndeeba, Kampala, anaweza kukuchania kijiti cha mviringo katikati kwa urefu. Unene wote usizidi sentimita 3, ngumi ya mtoto ifunge, na mwambie akuachie bapa tupu, bila neno wala tundu.