Sanduku la Majaribio ya Upumuaji wa Seli: Nunua kwa Ajili ya Choroko, si kwa Ajili ya Puto

Sanduku hili linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara hapa Dodoma, na picha ya mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, imejaa kifuniko kizima. Ndani kuna majaribio matatu ya sekondari. Moja ni zuri sana, moja linafaa, na lile linalosifiwa zaidi linafundisha kosa.

Kosa liko kwenye puto: kijitabu cha maelekezo kinalichukua kuwa ushahidi wa kazi ya mitokondria. Hamira ikifungiwa chupani na sukari nyingi haihitaji mitokondria ili kulijaza puto. Glukosi huvunjwa nje ya mitokondria, seli ikapata ATP (molekuli ya kubebea nishati) 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi, na kinachobaki hugeuka alkoholi na kabonidayoksaidi, kama kwenye mapipa ya mvinyo wa zabibu zetu. Kazi ya mitokondria huonekana oksijeni ikiwepo: oksijeni ndiyo inayopokea elektroni mwisho wa safari yao kwenye utando wa ndani, na mavuno hufika ATP 30 hadi 32 hivi. Kijitabu bado kimeandika 38, hesabu ya zamani isiyojali protoni zinazovuja kwenye utando huo bila kutengeneza ATP.

Ukilifanya hata hivyo, na kupima gesi kwa maji ya chokaa, ambayo kabonidayoksaidi huyafanya meupe, usichanganye unga wa chokaa na maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu. Maji ya chokaa yatakuwa meupe kabla gesi haijaingia, na mwanafunzi ataandika jibu la uongo. Tumia maji ya mvua au yaliyotoneshwa.

Jaribio la bluu ya methilini, rangi ya maabara, halina shida: hamira gramu 10, sukari gramu 5, maji mililita 100 ya nyuzi 35 hadi 40, kisha matone machache ya rangi. Rangi hupotea kwa kuwa inachukua elektroni, na ukitikisa hewa ikaingia, hurudi. Ukizidisha matone, bluu haiondoki. Asubuhi za Juni na Julai andaa chupa ya chai yenye maji ya moto, maana hamira baridi huzubaa.

Thamani ya sanduku ni bomba la sindano la mililita 20 lenye mrija mwembamba wa kioo. Weka choroko 10 zilizochipua siku 2, pamba, kisha chokaa ya soda (kemikali inayonyonya kabonidayoksaidi) isiyogusa mbegu. Tia tone la rangi mdomoni mwa mrija. Kwa kuwa kabonidayoksaidi yote inanyonywa, tone linavutwa ndani kadiri oksijeni inavyotumika. Kipenyo cha ndani kikiwa milimita 1, mwendo wa milimita 10 ni takriban milimita 8 za ujazo.

Tone likirudi nyuma, mara nyingi ni joto la kiganja limetanua hewa. Laza bomba kwenye beseni la maji dakika 5 kabla ya kusoma, na usilishike tena. Weka bomba la pili la kulinganisha lenye choroko zilizochemshwa, zikasuuzwa kwa dawa ya madoa iliyozimuliwa, la sivyo bakteria watapumua kwa niaba yake.

Kabla ya kulipa, kagua kopo la chokaa ya soda. Kama lakiri imefunguka, chokaa imeshanyonya kabonidayoksaidi ya hewa ya dukani, omba kopo jingine.